Jinsi ya Kuondoa Metali Nzito kwenye Maji Taka ya Kiwandani kwa Resini za Kubadilishana Ioni

Resini, yaani punje ndogo za plastiki zinazoshika metali iliyoyeyuka majini, haiiangamizi metali. Inaihamisha kutoka kwenye maji mengi yenye metali kidogo hadi kwenye asidi kidogo yenye metali nyingi, basi. Asiyelizingatia hili hununua tangi na resini, akafurahia maji safi kwa wiki kadhaa, kisha siku ya kuisafisha resini anabaki na pipa la asidi ya kijani iliyosheheni nikeli na hajui pa kulipeleka. Hapo ndipo metali hurudi mtaroni, na kazi yote inakuwa bure.

Metali haiozi. Zebaki iliyomwagwa baharini huko Minamata, Japani, iliingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa watu. Ugonjwa ulipotambuliwa rasmi mwaka 1956, maji ya kiwanda yalikuwa yameshamiminika kwa miaka mingi. Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa chini ni ile ambayo wengi huiacha mwisho.

Mwongozo huu ni wa anayeendesha, au anayekusudia kujenga, mtambo mdogo au wa kati: upakaji wa metali kwa umeme, utengenezaji wa betri, bodi za saketi, au maji ya mgodini. Resini hufaa zaidi pale metali ikiwa chache, yaani kuanzia miligramu makumi machache kwa lita kushuka chini. Maji yako yakiwa na mamia ya miligramu kwa lita, tanguliza kugandisha metali kwa chokaa au kostiki soda na kuchuja tope lake, kisha resini imalizie kile kilichobaki. Kuibebesha resini mzigo wote ni kupoteza asidi na fedha.

Hatua ya 1: Amua metali itaishia wapi

Njia ziko tatu. Unaweza kuirudisha metali kwenye beseni la uzalishaji ilikotoka, ukiwa na hakika kuwa ni safi. Unaweza kuivuta kwa umeme ikagande kwenye sahani, ukaiuza au ukaitumia tena. Au unaweza kuigandisha kwa kostiki soda, ukakamua tope na kulikabidhi kwa mwenye kibali cha kushughulikia taka hatarishi.

Uamuzi huu unagusa kila kitu kinachofuata. Chukulia umeme: ukiisafisha resini kwa asidi hidrokloriki, maji ya metali yatakayotoka yamejaa kloridi, na ukiyapitishia umeme yatatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Mwenye nia ya kuvuta metali kwa umeme huchagua asidi ya salfuriki tangu mwanzo. Lakini asidi hiyo haifai kama resini imebeba risasi au kalsiamu nyingi, kwa sababu salfeti ya risasi haiyeyuki, na salfeti ya kalsiamu, yaani jasi, huyeyuka kidogo tu. Zote mbili zitaganda katikati ya punje na kuziba tabaka lote la resini. Unaona jinsi swali la mwisho linavyochagua kemikali ya kati.

Kama unaweza kutenganisha mifereji, itenganishe. Maji ya suuza ya nikeli yaende peke yake, ya zinki peke yake, ya kromiamu peke yake. Nikeli iliyo peke yake ni mali, lakini ikichanganyika na zinki, shaba na chuma inakuwa tope la kulipia.

Hatua ya 2: Yajue maji yako kabla ya kuijua resini

Chukua sampuli za zamu nzima, siyo kikombe kimoja cha saa nne asubuhi. Chukua pia sampuli wakati beseni linapobadilishwa au sakafu inapooshwa, kwa kuwa hapo ndipo maji huwa mabaya zaidi. Maabara ipime pH, kila metali unayoishuku, kalsiamu, magnesiamu, chuma, alumini, sodiamu, chembe zinazoelea, mafuta, klorini na sayanidi.

Metali ipimwe mara mbili: maji yakiwa kama yalivyo, na maji yakiwa yamechujwa kwa kichujio cha maikroni 0.45. Tofauti ya majibu hayo mawili ni metali iliyoganda tayari kama vumbi laini. Resini hukamata ioni zilizoyeyuka tu, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Metali iliyo kwenye chembe itapita au itaziba tabaka. Watu wengi hubadilisha resini iliyo nzima kabisa kumbe tatizo ni chujio.

Kisha kuna vitu vinavyoishikilia metali ndani ya maji: EDTA, amonia, sitrati, glukoneti na jamaa zake, ambavyo viko kwenye sabuni za viwandani na kwenye mabeseni ya upakaji bila umeme. Kipimo chake ni rahisi. Chukua lita moja ya maji, ipandishe pH hadi pale metali yako inapopaswa kuganda (kwa nikeli ni karibu 10), koroga, acha itulie, chuja, kisha pima. Ikiwa metali nyingi bado imo majini, kuna kitu kimeishikilia, na resini ya kawaida itahangaika nayo vilevile.

Kuhusu sayanidi sina lugha ya upole. Maji yenye sayanidi yasikutane na asidi kamwe, hata kwa bahati mbaya kupitia mtaro mmoja wa sakafu. Yakikutana hutoa gesi ya sayanidi ya hidrojeni, inayoua kwa dakika chache. Sayanidi iharibiwe kwanza katika mtambo wake wenyewe, kwa hipokloriti na pH iliyo juu ya 10, na matokeo yapimwe, ndipo maji yaruhusiwe kukaribia resini.

Hatua ya 3: Chagua resini

Resini ni punje ndogo za plastiki, nyingi zikiwa na kipenyo kati ya milimita 0.3 na 1.2, zilizopandikizwa vikundi vya kikemia vinavyoshika ioni moja na kuachia nyingine. Punje ile ile ya polistirini inaweza kuwa resini tofauti kabisa kutegemea kikundi kilichopandikizwa.

Resini ya kationi yenye asidi kali, ile inayotumika kulainisha maji, hushika karibu kila ioni chanya. Huo ndio udhaifu wake. Tuchukue mfano nitakaoutumia hadi mwisho: mtambo unatoa mita 2 za ujazo kwa saa, kwa saa 16 kwa siku, maji yana nikeli miligramu 5 kwa lita na kalsiamu miligramu 80 kwa lita. Kwa siku hiyo ni nikeli gramu 160, sawa na ekivalenti 5.5 hivi (ekivalenti ni kipimo cha jumla ya chaji ambayo ioni hubeba). Kalsiamu ya siku hiyo hiyo ni ekivalenti 128. Ukiwa na resini ya asidi kali lita 200 inayobeba ekivalenti moja kwa lita, itajaa katika siku moja na nusu, na karibu mzigo wake wote ni kalsiamu ambayo hukuwa na haja ya kuiondoa.

Ndiyo maana kwa maji ya namna hii huchaguliwa resini ya kukamata kwa makucha, na inayotumika zaidi ni ya kikundi cha iminodiasetati. Hiyo huishika shaba kwa nguvu, ikifuatiwa na risasi, nikeli, zinki, kobalti na kadimi, huku kalsiamu na magnesiamu zikiwa mkiani na sodiamu nyuma yake. Tukikadiria kuwa itabeba nikeli gramu 20 kwa kila lita ya resini, lita 200 zitabeba kilo 4, yaani siku 25 za kazi kwa maji yale yale. Siku moja na nusu dhidi ya siku 25: tofauti hiyo hulipa bei kubwa ya resini hii mara nyingi.

Ina masharti yake. Maji yakiwa na asidi nyingi, vikundi vyake hushikwa na hidrojeni na kuacha metali. Shaba hukamatwa hata pH ikiwa karibu 2, lakini nikeli, zinki na kadimi zinataka pH ya 4 hadi 6. Chuma chenye chaji tatu na alumini vikiingia kwa wingi hung'ang'ania, na kuvitoa ni kazi.

Kromiamu ina njia yake. Ikiwa na chaji sita haiwi ioni chanya, bali hutembea majini kama kromati, ambayo ni ioni hasi, kwa hiyo resini zote nilizozitaja hapo juu hazitaiona. Inahitaji resini ya anioni, na maji yenye pH ya 4 hadi 5. Jua pia kwamba kromati ni kioksidishi na huila resini taratibu, kwa hiyo usiiache imejaa kwa muda mrefu. Wengi huona nafuu kuigeuza kwanza iwe ya chaji tatu kwa bisulfiti ya sodiamu kwenye pH ya 2 hadi 3, kisha kuigandisha.

Zebaki hushikwa na resini zenye salfa, za thioli au thiourea. Huishika kwa nguvu kiasi kwamba mara nyingi resini hutumika mara moja tu kisha huondolewa kama taka hatarishi. Panga gharama ukilijua hilo.

Hatua ya 4: Jaribu kwa udogo

Usiruke hatua hii, hata muuzaji akikuhakikishia namna gani. Chukua bomba la kioo lenye kipenyo cha milimita 25, weka resini mililita 300 iliyoloweshwa, nayo itasimama kama sentimita 60. Pitisha maji yako halisi, siyo yaliyotengenezwa maabara, kwa mililita 50 kwa dakika. Hiyo ni mara 10 ya ujazo wa resini kwa saa, kipimo ambacho utakitumia pia kwenye tangi kubwa.

Jaribio hili hujieleza kwa macho. Punje za iminodiasetati zina rangi ya maziwa yaliyochujuka, na nikeli ikianza kuingia juu, utaona ukanda wa kijani ukishuka polepole kuelekea chini. Kwa shaba ukanda ni wa buluu iliyokolea. Tazama mpaka wake: ukiwa mkali, mtiririko unafaa. Ukiwa umetawanyika na kupauka kwa urefu mkubwa, maji yanakwenda kasi kuliko metali inavyoweza kuingia ndani ya punje, basi punguza mwendo. Chukua sampuli ya maji yanayotoka kila baada ya lita kadhaa na uandike. Siku metali inapoanza kuonekana kwenye maji yaliyotoka, zidisha lita zilizopita kwa miligramu zilizoondolewa katika kila lita, gawanya kwa ujazo wa resini, na hapo utakuwa na uwezo halisi wa resini kwa maji yako. Namba hiyo ina thamani kuliko yoyote iliyochapishwa kwenye karatasi ya mauzo.

Kisha isafishe resini hiyo hiyo kwa asidi uliyoipanga, na rudia mzunguko mzima mara chache. Uwezo ukishuka kila mzunguko, kuna kitu kinabaki ndani ya punje.

Hatua ya 5: Tayarisha maji

Rekebisha pH kwanza, kwenye tangi lenye kikorogeo, na uyape maji muda wa kutulia. Kisha chujio la mchanga, kisha vichujio vya maikroni 5 hadi 10. Mafuta yaondolewe kabisa: punje iliyovikwa utando wa mafuta inaonekana nzima lakini haifanyi kazi. Klorini iondolewe kwa bisulfiti au kaboni amilifu, maana hukata viungo vya plastiki na kuifanya resini iwe laini na kuvimba.

Hatua ya 6: Tangi, na namna ya kuijaza resini

Kwa mfano wetu, resini lita 200 kwa mtiririko wa lita 2,000 kwa saa ni mara 10 ya ujazo kwa saa. Tabaka likiwa na kina cha mita 1, tangi litakuwa na kipenyo cha sentimita 50 hivi. Usikubali tabaka fupi na pana, kwani maji hupata njia ya mkato. Acha nafasi tupu juu ya resini isiyopungua nusu ya kina chake, na ikibidi zaidi, kwa sababu resini ya iminodiasetati huvimba sana inapotoka hali ya hidrojeni (baada ya asidi) kwenda ya sodiamu (baada ya kostiki soda). Tangi liwe la plastiki iliyoimarishwa au chuma kilichovikwa mpira ndani.

Jaza maji hadi nusu ya tangi kwanza, ndipo umimine resini. Isikauke. Ikikauka, usiimwagie maji matupu: punje zitavimba kwa ghafla na kupasuka. Iloweke kwenye maji ya chumvi iliyokolea, kisha yapunguze makali kidogo kidogo. Zilizomwagika sakafuni zifagiliwe papo hapo, maana zinateleza vibaya sana.

Baada ya kujaza, osha kwa kupeleka maji kutoka chini kwenda juu, tabaka liinuke kwa takriban nusu ya kina chake, hadi maji yatoke bila vumbi.

Hatua ya 7: Endesha matangi mawili yakifuatana

Tangi moja peke yake litakudanganya, kwa sababu siku metali inapoanza kupita, imeshafika mtaroni. Panga mawili mfululizo. La kwanza hubeba mzigo na la pili hulinda. Chukua sampuli katikati yao. Sampuli ya kati ikifika kiwango ulichojiwekea, litoe la kwanza kwa kusafishwa, la pili lichukue nafasi yake, na lililosafishwa lirudi nyuma. Namna hii resini hutumika hadi mwisho wa uwezo wake bila kuhatarisha maji yanayotoka.

Kwa nikeli, fundi anaweza kupima hapo hapo kwa dimethiliglioksimu: tone chache kwenye sampuli yenye amonia kidogo, ikigeuka ya waridi nikeli imo. Haikupi namba ya kupeleka kwa mamlaka, lakini inakuambia saa tatu usiku kama kuna hatari, wakati maabara imefungwa.

Kiwango cha mwisho ni kile kilichoandikwa kwenye kibali chako cha kumwaga maji. Jiwekee kengele chini yake, kwa mfano nusu.

Hatua ya 8: Kuhuisha resini

Kabla ya lolote: miwani ya kufunika, ngao ya uso, glavu za kemikali, aproni, hewa inayopita, na bomba la kuoshea macho lililojaribiwa siku hiyo. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye asidi. Asidi ya nitriki usiiguse katika kazi hii bila maelekezo ya maandishi ya mtengenezaji. Ikikolea inaweza kuitikia na resini kwa joto kali na kulipua tangi.

Kwa tangi letu la lita 200, kwa asiyevuta metali kwa umeme, kazi inakwenda hivi:

1. Osha kinyume, yaani maji kutoka chini kwenda juu, kwa dakika 15 hivi ili kutoa chembe na kulegeza tabaka. Maji haya yarudi mwanzo wa mtambo.
2. Pitisha lita 400 za asidi hidrokloriki ya 7% kwa mwendo wa lita 400 hadi 600 kwa saa. Ili kuipata, asidi ya dukani ya 32% itatumika kama lita 78, ikamiminwa kwenye maji hadi kufika lita 400.
3. Suuza polepole kwa lita 400 za maji, kwa mwendo ule ule. Maji haya bado yana metali, kwa hiyo yaingie kwenye tangi moja na asidi.
4. Suuza kwa kasi ya kawaida hadi pH ipande na kutulia. Haya yarudi mwanzo wa mtambo.
5. Pitisha kostiki soda ya 4%, takriban ujazo mmoja wa resini, kisha suuza tena.

Namba 5 kwenye orodha hii inahitaji kiasi. Ukiigeuza resini yote kuwa ya sodiamu, maji ya mwanzo yatatoka na pH ya juu sana, na nikeli itaganda ndani ya tabaka badala ya kukamatwa. Geuza takriban nusu tu. Ukiiacha kabisa hatua hii, resini itatoa hidrojeni, pH itashuka, na nikeli haitashikwa vizuri.

Sasa umeshika lita 800 zenye kilo 4 za nikeli, gramu 5 kwa kila lita, zilizotoka kwenye mita 800 za ujazo za maji taka. Maji yamepungua mara elfu moja. Yapeleke pale ulipoamua kwenye hatua ya 1. Kama ni kwenye tangi la kugandisha, yaingize kidogo kidogo, maana ukiyamwaga yote kwa mpigo metali itazidi uwezo wa tangi na kurudi kwenye resini ile ile.

Hatua ya 9: Resini inapolegea

Metali ikipita mapema, angalia kwa mpangilio huu: pH ya maji yanayoingia, kisha sampuli iliyochujwa na isiyochujwa, kisha kama kuna sabuni au kemikali mpya iliyoletwa kiwandani. Mara nyingi jibu liko hapo. Shinikizo likipanda, osha kinyume kwa muda mrefu zaidi. Punje zikiwa na rangi ya kutu, zioshe kwa asidi hidrokloriki ya 10% kwa saa kadhaa.

Kila miezi michache chota kijiko cha resini kutoka ndani ya tabaka na uitazame kwa lenzi. Punje nzima ni duara na laini. Ukiona nyingi zimepasuka, au zinabonyea ukizifinya kwa vidole, oksidisho limeziharibu na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Resini iliyochoka bado ina metali ndani hata baada ya kusafishwa. Isafishe kwa asidi mara ya mwisho, isuuze, pima metali iliyobaki, kisha ifungie kwenye mapipa yenye lebo inayotaja metali hiyo, na uikabidhi kwa mwenye kibali cha taka hatarishi pamoja na karatasi ya vipimo. Nakala ya karatasi hiyo ibaki kwenye daftari la mtambo, pamoja na tarehe ya kila uhuishaji na lita zilizopita.